Hilux inaunguruma mbele kushoto: beringi au habu nzima?

DerevaUjiji:
Wakuu, salaam. Nina Hilux ya foo wili, ya zamani yenye difu ngumu mbele (ekseli moja nzima kutoka tairi hadi tairi), nabebea mawese kutoka Kasulu. Nikifika spidi 60 panaunguruma kama ndege inataka kuruka. Nikikata kulia mlio unazidi, kushoto unapungua. Jana nimegusa habu (kitovu cha gurudumu, kinachobeba beringi) ya kushoto ikanichoma kidole. Fundi mmoja anasema tairi, mwingine anataka ninunue habu nzima. Nimechoka kuwalipa wabahatishaji.

FundiMwanga:
Ukikata kulia uzito unahamia kushoto, kwa hiyo inayolia ni ya kushoto. Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, usipoisha angalia kingipini, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia ukikata kona. Habu kama haijachubuka iache. Beringi ziko mbili, ya ndani na ya nje. Badilisha zote na vikombe vyake (pete za chuma ambazo beringi huzungukia ndani) na sili ya kuzuia maji na kushika grisi. Grisi isindilie kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Nati ya habu usiikaze kama ya tairi! Kaza huku unazungusha habu, legeza, kaza tena kidogo.

MtuWaUvinza:
Na Vigo, ile Hilux ya baadaye, je?

FundiMwanga:
Beringi ya hiyo ni ya kushindilia kwa presi, mashine ya kukandamiza. Ukiona fundi kashika nyundo, ondoa gari lako.

DerevaUjiji:
Nimefungua. Kikombe cha ndani kina vidonda, sili imekatika, grisi imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yaliingia, na mtoni nilipita mwenyewe.