Hossam Hassan: nimtumieje kufundishia makocha wa kata hapa Dodoma?

Katibu_Makole
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi makocha wa timu za kata tunakutana, nimepewa dakika 40 na ubao wa chaki nimzungumzie mchezaji wa Afrika aliyegeuka kocha. Nimemchagua Hossam Hassan wa Misri. Shida ni kwamba kila ninaposoma, namba hazifanani. Halafu nataka zoezi moja la uwanjani linalotokana na uchezaji wake, tusimalize kwa maneno matupu. Na nina hakika mtu atauliza: mwaka 2018 Simba ilitolewaje na timu yake bila kufungwa mechi hata moja?

KrosiYaChini
Mkuu, anzia Al Ahly, 1984. Akaenda PAOK ya Ugiriki 1990, kisha Neuchâtel Xamax ya Uswisi, akarudi Ahly. Mwaka 2000 yeye na pacha wake Ibrahim wakahamia Zamalek. Hapo usipite haraka: Zamalek ndio mahasimu wakubwa wa Ahly, waambie ni sawa na kutoka Msimbazi (Simba) kwenda Jangwani (Yanga), na bado mtu anaendelea kufunga.

Timu ya taifa ndiko namba zinakopishana. Mabao utakuta 68 kwingine na 69 kwingine, kwa hiyo andika "68 au 69". Mechi sema zaidi ya 160, inatosha. Yasiyo na ubishi ni makombe matatu ya Afrika: 1986, 1998 na 2006. La mwisho alilichukua akiwa na miaka 39, na aliifunga DR Congo kwenye robo fainali. Mwaka 1998 kule Burkina Faso alifunga mabao 7, akalingana na Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Kocha wao alikuwa Mahmoud El-Gohary, mtu wa kwanza kulitwaa kombe hilo akiwa mchezaji (1959) na baadaye akiwa kocha.

Ukocha: Al Masry 2008, Zamalek 2009, Jordan 2013, Al Masry tena 2015 hadi 2018, na taifa lake tangu Februari 2024. Tarehe 8 Oktoba 2025 Misri iliifunga Djibouti 3-0 mjini Casablanca ikafuzu Kombe la Dunia. Mwaka 1989 aliipeleka huko kwa kichwa chake mwenyewe dhidi ya Algeria, dakika ya 4. Na sasa anamfundisha Mohamed Salah, anayeifukuzia rekodi yake ya mabao!

Usimfanye malaika, lakini. Amewahi kufungiwa kwa vurugu za pembeni mwa uwanja. Na Jordan yake, katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2014, baada ya kuitoa Uzbekistan kwa penalti 9-8, ilipigwa 5-0 na Uruguay nyumbani Amman. Marudiano yakaisha 0-0, yakiwa hayana maana tena.

Mzee wa Koni
Zoezi: chukua hicho kichwa cha 1989. Unahitaji mipira 12, koni 4, winga wawili, mabeki wawili, straika mmoja na kipa.

Winga anaanzia karibu na mstari wa pembeni, usawa wa mstari wa kumi na nane (wa eneo la penalti). Straika anasimama *nyuma* ya beki wa mbali, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa pamoja. Winga akigusa mara ya kwanza, straika hatoki. Akiinamisha kichwa ili apige, ndipo straika anapiga hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, anakata ghafla mbele ya beki kwenda nguzo ya karibu. Krosi nne kulia, nne kushoto, kisha badilisha straika. Vichwa visizidi 8 kwa mtu kwa siku. Watoto wa chini ya miaka 12 wamalizie kwa mguu.

Kosa kubwa ni kutoka mapema. Straika anafika, anasimama, anausubiri mpira, na beki aliyemwacha anakuwa ameshamfikia. Dawa si kumfokea akimbie zaidi, mwambie achelewe. Kosa la pili ni letu la Dodoma, upepo. Krosi ya juu inaning'inia na kipa anaichukua kama embe. Winga apige ya kifua kwenda chini, hasa akiwa anapiga kuelekea upepo unakotoka.

Katibu_Makole
Asante sana mzee wangu, shikamoo. Na la Simba?

KrosiYaChini
Lilikuwa Kombe la Shirikisho Afrika, Hassan akiwa kocha wa Al Masry. Dar ilikuwa 2-2, Port Said 0-0, Al Masry wakapita kwa mabao ya ugenini, yaani jumla ikiwa sawa, anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini. Chora ubaoni matokeo ya marudiano: 0-0 au 1-1, Masry wanapita; 2-2, penalti; 3-3, Simba wanapita. Maana yake Hassan alifika nyumbani kwake akiwa hahitaji bao. Mwenye kuhitaji ni mgeni, na kila dakika inayopita bila bao inamkata mgeni. Msimu huo walifika nusu fainali, wakatolewa na AS Vita Club.

Waulize makocha: mechi ya kwanza, nyumbani, ni 2-2 na zimebaki dakika 10. Unatafuta la tatu au unazuia? Wengi watasema la tatu. Kisha waonyeshe kwamba mgeni naye akipata la tatu, mkaisha 2-3, sare yoyote ya marudiano inakutoa, na ushindi wa bao moja unakupitisha tu ukifunga 4-3 na kuendelea. 3-2 ni penalti. Waache wabishane hapo, hizo dakika 40 zitakwisha zenyewe.