"HAPA SIYO MBAGALA": Mwenyeji wetu wa Bangkok amemdhalilisha mama yangu mbele ya bakuli

MamaNasra_Temeke:

Wakuu, niko chumbani hotelini Pratunam, Bangkok, saa saba na nusu usiku kwa saa za huku, nyumbani bado ni saa tatu na nusu. Mama amegeukia ukutani, sijui amelala au anajifanya amelala. Mikono inanitetemeka, herufi zikikosewa mtanisamehe.

Jina simtaji. Hakuna haja. Kila aliyewahi kushuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi na begi tupu la kubebea mzigo anamjua. Yule Mtanzania mwenzetu wa kofia, anayetembeza wageni. Yule aliyemo kwenye kila kundi la wafanyabiashara wa nguo, anayesema Bangkok ni sebule yake. Mnamjua.

Leo amemwambia mama yangu, mbele ya watu: "Bibi, hapa siyo Mbagala."

Mama yangu ana miaka 64, mtu wa Mbagala, uswahilini kwetu Dar. Nimemleta huku kucheki macho, mimi nikachukua magauni yangu, tukabakiwa na siku mbili. Nikasema mama huyu amekaanga vitumbua miaka 30 ili mimi nisome, acha naye aone dunia. Mwenyeji akataka baht 2,000 kwa kichwa kwa siku nzima: Kasri Kuu la wafalme, mahekalu, mto, na chakula cha usiku. Tulikuwa wanne, mimi na Mama na vijana wawili wa Kariakoo. Baht 8,000 zikatoka, mkono kwa mkono, kabla hata ya chai. Na shikamoo Mama hakuipata. Aliitwa "bibi" tangu asubuhi kama mtu aliyeokotwa kituoni.

Saa nne tuko nje ya Kasri. Mwenyeji anasema limefungwa hadi saa nane, watawa wanasali. Wakuu, watu walikuwa wanaingia mbele ya macho yangu kama siafu! Wazungu, Wachina, Wahindi, watoto wa shule na bendera zao. Baadaye nikasoma kibao mwenyewe: dirisha la tiketi linafunguliwa saa 2:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, kiingilio baht 500. Lakini sisi tulishapakiwa kwenye tuktuk, ile bajaji yao ya rangi zote za dunia, tunapelekwa duka la vito. Yakuti samawi, eti ukifika nazo Dar unauza mara tatu. Kutoka hapo duka la mafundi suti. Walimpima mama yangu mabega wamshonee suti ya kiume! Mama mzima na ushungi wake, amenyoosha mikono kama mtu anayekaguliwa uwanja wa ndege, kwa sababu hakutaka kuwavunjia wenyeji heshima. Kila duka tukitoka, dereva anashika kuponi ya mafuta na mwenyeji anashika bahasha. Kasri hatujaliona ndani hadi sasa.

Hekalu la Wat Pho tuliingia, baht 300 kwa kichwa kutoka mifukoni mwetu tena. Sanamu la Buddha aliyelala, mita 46 kutoka kichwani hadi nyayoni, jengo zima limemezwa nalo. Mama alisimama kwenye zile nyayo zilizonakshiwa kwa magamba ya chaza, akasema "Subhanallah, mikono ya watu hii." Hajamaliza kusema, mwenyeji anapiga makofi: twende, twende, bibi.

Haya yote ningeyameza. Pesa inarudi.

Usiku akatupeleka Yaowarat, kwa Wachina. Na mahali penyewe pazuri, hilo sitalikana. Mabango mekundu ya taa juu ya barabara nzima, makarai yanawaka moto hadi juu, moshi, watu wamebanana kama mwendokasi ya jioni. Mama alifurahi. Nimeona kwa macho yangu alivyofurahi. Tukakalishwa kwenye viti vya plastiki, bakuli likaja: supu ya pilipili manga inayokupanda puani, tambi zimejikunja kama vikaratasi vya sigara, na vipande vya utumbo. Mama anapenda supu ya utumbo kuliko biriani. Akachota. Kijiko kikapanda. Kikafika nusu ya njia, akasimama, akanigeukia akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, huu ni utumbo wa nini?"

Yeye ndiye aliyejibu. "Bibi, hapa siyo Mbagala. Bangkok mtu anakula alichowekewa."

Akacheka. Wale vijana wakacheka. Mmoja alikuwa ameshika simu anarekodi.

Na kijiko cha mama yangu kiko hewani.

Asubuhi nilimwambia mara tatu kwamba sisi tunakula halali. Mara tatu! Nikamgeukia mwenye kibanda, mama wa makamo, nikamwonyesha bakuli nikasema "moo?" maana hilo neno nilijifunza ndani ya ndege: nguruwe. Akatikisa kichwa ndiyo. Halafu akamwangalia Mama, akaona ushungi, akaona kijiko. Uso ukambadilika. Aliliondoa bakuli yeye mwenyewe, akaleta chupa ya maji, akakataa pesa. Mtu asiyejua neno hata moja la lugha yetu ndiye aliyemwonea haya mama yangu. Mtu wa kwetu alikuwa anacheka.

Kile chakula kinaitwa kuay jab na ni utumbo wa nguruwe, kila mtu Yaowarat anajua. YEYE ANAJUA. Na anajua barabara ya Sukhumvit, soi 3, kuna uchochoro mzima wa Waarabu, wali wa kabsa na mishkaki hadi usiku wa manane, maana ndiko anakokunywa chai yake. Anajua alama ya kijani ya halali inavyofanana. Anajua msikiti wa Haroon uko Bang Rak. Amechagua kumkalisha mama yangu mbele ya nguruwe, na alipouliza, akamwambia hapa siyo Mbagala.

Mama hakusema kitu njia nzima. Kwenye teksi aliniuliza jambo moja tu: "Kwani Mbagala pana nini?"

Nimeshindwa kumjibu.

Mzee wa Mzigo:

Pole sana dada, na mpe Mama pole yangu. Huyo bwana tunamjua wote. Mimi mwaka juzi alinipeleka Patpong, mtaa wa mabaa, akasema baa ya chini kuna kelele, twende ghorofani kwa wastaarabu. Tumekaa dakika kumi, bia mbili, bili imekuja ndefu kama risiti ya mazishi: kiti, muziki, wasichana waliopita karibu, hata kuangalia kumeandikwa. Mlangoni wamesimama watu wawili mabega yao kama makabati. Namtafuta mwenyeji, yuko chini barabarani anaongea na simu, amenipa mgongo. Nililipa hadi hela ya kilo za mzigo. Magauni yangu yalibaki kwenye stoo ya watu wiki tatu.

Kitunguu Maji:

Mleta uzi umepigwa, kubali. Baht 2,000 kwa kichwa kwenda Kasri? Boti ya bendera ya chungwa kwenye mto Chao Phraya ni baht 16. Unashuka gati ya Tha Chang, unatembea hatua chache, uko langoni. Ukimaliza unasogea Tha Tien, unavuka kwa kivuko hadi hekalu la Wat Arun. Mtu mzima na simu mkononi unampa mtu wa kofia 8,000, halafu unakuja kulia humu. Tulia dawa ikuingie.

MamaNasra_Temeke:

@Kitunguu Maji sizungumzii baht. Nazungumzia kijiko. Mama yako angekuwa ameshika kile kijiko, ungeniandikia habari za boti?

Jirani wa Zakhem:

Subirini kwanza. Hapa siyo Mbagala?? Si ni mtoto wa Rangi Tatu huyo, Mbagala hiyo hiyo! Nyumba yao iko nyuma ya soko, mama yake tulikuwa tunamkopa mkaa. Kofia imekaa miaka saba tu Bangkok na kichwa kimesahau njia ya kurudi nyumbani.

MamaNasra_Temeke:

Rangi Tatu? Wallahi? Halafu anamwambia hivyo mama aliyekaa Mbagala Kuu miaka 40? Labda vile vitumbua alivila na yeye!

Dogo wa Kariakoo:

Sasa mimi ndiye niliyekuwa na simu. Nilikuwa narekodi karai linavyowaka, sikumrekodi mama. Na kucheka nilicheka kwa sababu sikujua ni nguruwe, mimi mwenyewe nilishakula bakuli zima. Usitupakazie.

MamaNasra_Temeke:

Ulicheka. Nilikuona meno.

Binti Kipemba:

Mmekula nguruwe na bado mnabishana nani alicheka. Astaghfirullah. Dada, kesho mpeleke Mama soi 3 akale kabsa roho itulie, au mtafute wale Waislamu wa roti za mkokoteni, wanakaanga mbele yako. Ukiwa huna uhakika unasema "mai ao moo", sitaki nguruwe, na bado unaangalia alama, maana sufuria moja linapika vyote.

Niko Xiaobei:

Nyie wa Bangkok mnadeka. Njooni Guangzhou muone madalali wenye digrii. Mimi nilionyeshwa viatu sampuli ngozi tupu, kontena limefika Dar ni viatu vya kushoto vitupu. Vya KUSHOTO. Mia nne. Nimeuza kwa nani? Na aliyenipeleka kiwandani ni mtu wa kwetu, tumekula naye ugali hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika, mezani kwake.

Mzee wa Mzigo:

@Niko Xiaobei vya kulia bado anavyo? Muulize, labda anasubiri umrudie.

Niko Xiaobei:

Nilimuuliza. Ameniambia ni oda mpya.

Kitunguu Maji:

Hahaha oda mpya. Huyo ni fundi.

Dada wa Vikokotoni:

Mimi yangu ni ya hoteli ya Bangkok, siitaji. Nimenunua doriani barabarani, limekatwa vizuri, nimelifunga mifuko mitatu, naingia nalo mapokezi. Yule kijana wa mlangoni amenusa kama mbwa wa bandarini. Kumbe kuna kibao ukutani, picha ya doriani imepigwa mstari mwekundu. Wakaniandikia faini, wakalitoa doriani langu nje kama maiti. Kwetu Unguja doriani linakaa sebuleni na wageni wanalikuta.

Jirani wa Zakhem:

Hapo niko upande wa hoteli. Doriani ni silaha.

Dada wa Vikokotoni:

Hujala la Unguja wewe. Lile la Bangkok, monthong, ni nyama nyingi na utamu wa sukari tu. La kwetu dogo, lina uchungu kidogo mwishoni, ukila unajua umekula.

Binti Kipemba:

La Unguja? La Pemba ndilo doriani. Unguja mnaletewa.

Dada wa Vikokotoni:

Imeanza.

MamaNasra_Temeke:

Wakuu, ameniandikia ujumbe saa hizi. Hajaomba radhi. Anasema bakuli la bibi halikuliwa, na kurudi tulijipeleka wenyewe kwa teksi, kwa hiyo kesho asubuhi atapita hotelini kuchukua baht 300 za "usumbufu". BAHT 300 ZA USUMBUFU. Mama yangu ameachwa na kijiko hewani, halafu usumbufu ni wake yeye!

Mzee wa Mzigo:

Usimpe hata shilingi. Shuka na Mama mapokezi, mkae pale, amsalimie kwanza shikamoo ndipo aseme shida yake.

Kitunguu Maji:

Hapo kwa mara ya kwanza niko na mleta uzi. Usimpe.

Mpenda Shokishoki:

Samahani, nje ya mada. Shokishoki za Bangkok ni kama zetu au ni kubwa? Na kilo bei gani sasa hivi?

Binti Kipemba:

Kubwa, nyama inabanduka kwenye kokwa vizuri. Utamu, Pemba.

Jirani wa Zakhem:

Huyu kila tunda ni Pemba.

Dada wa Vikokotoni:

Tukubaliane kwenye embe basi. Lile embe lao na wali wa kunata na tui la nazi juu, jamani, nimelila Yaowarat mara nne usiku mmoja. Hapo sina ubishi.

Niko Xiaobei:

Wali na embe? Sahani moja?

Dada wa Vikokotoni:

Sahani moja. Wali unapikwa kwa mvuke, unaungwa kwa tui na sukari na chumvi kidogo. Kama wali wa nazi uliokwenda harusini.

Mpenda Shokishoki:

Na doriani la kilo tatu linaruhusiwa kwenye begi la mkononi?

Dada wa Vikokotoni:

Mimi limenishinda mlango wa hoteli, wewe unauliza ndege.