Vitumbua vinaisha kila siku lakini hela siioni. Nirudi kutafuta kazi?

Nyota wa Mbagala:
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 27 na diploma ya uhasibu, naishi Mbagala na mume wangu na mtoto wa miaka mitatu. Tangu nimalize chuo mwaka 2022 natafuta kazi. Usaili wa Dodoma nimeenda mara mbili, na mara ya pili mama aliuza mbuzi nipate nauli na pa kulala. Hapa Dar niliitwa ofisi moja, nikakaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi hadi saa tisa, ndipo nikaambiwa nafasi imeshapata mtu. Kufika nyumbani nikamkuta mwanangu kwa jirani, anachemka homa. Siku ile nikasema basi, nitafute riziki hapahapa mlangoni kwangu.

Huu mwezi wa pili napika vitumbua. Mchana naloweka mchele kilo mbili, usiku nasaga na kuuacha uumuke, saa kumi alfajiri niko kwenye chuma. Napata vitumbua kama 110. Napeleka maduka matatu kwa shilingi 150, wao wanauza 200. Havibaki hata kimoja. Lakini juzi nimekosa hela ya mchele, nikamkopa wifi yangu.

Mama ananiambia nirudi kuomba kazi, hakunisomesha nikae jikoni. Maneno yake yananiumiza kwa sababu najua alichokiuza. Nishaurini kwa ukweli, niache?

Mama Iliki:
Pole mdogo wangu, na hongera. Mimi nakaanga vitumbua mwaka wa kumi na moja sasa, hapahapa Temeke, kwa hiyo nakuambia ninachokijua.

Nimekupigia hesabu kwa bei ninazonunulia mimi. Mchele kilo mbili 5,600. Nazi mbili 2,400. Sukari 2,200. Mafuta 3,000. Mkaa 2,000. Hamira na iliki 800. Umeme wa blenda weka 500. Jumla 16,500. Sasa chukua vitumbua 110 uzidishe mara 150. Ni 16,500 ileile! Unaamka saa kumi kuwafanyia kazi wenye maduka, na siku nazi ikipanda bei unaingia kwenye mtaji. Hapo sijahesabu anavyokula mtoto, wala kile unachompa jirani.

Ukiuza mwenyewe kwa 200 unapata 22,000, yaani 5,500 inabaki mkononi. Tafuta kijiwe cha bodaboda kilicho karibu, fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu na chupa ya chai ya tangawizi. Duka bakiza moja tu, lile linalolipa papo hapo. Halafu tafuta oda: hitima, maulidi, vikao vya harusi. Mwezi wa Ramadhani mimi silali, watu wanataka vitumbua vya futari kuliko mkate.

Angalia na mafuta yako. Uji ukigusa chuma lazima uchachatike. Ukitulia kimya, chuma hakijapata moto, na kitumbua kitakunywa mafuta hadi kiwe kizito mkononi. Mimi nilipoteza hela nyingi hapo kabla shangazi yangu hajanisimamia jikoni wiki nzima.

Na kuhusu mama: wewe umesomea uhasibu. Nunua daftari, kila jioni andika kilichotoka na kilichoingia, mwisho wa mwezi mkalishe umsomee.

Fundi Cherehani:
Dada, kama unawaza mkopo, nakuomba usiguse mikopo ya kausha damu. Rafiki yangu alichukua laki mbili akuze biashara ya karanga, anatakiwa kurejesha kila siku, mvua ikanyesha siku nne mfululizo hajauza kitu. Walibeba friji na godoro la watoto mbele ya macho yetu.

Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ila wanataka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anza kuwatazama wanawake wa mtaani kwako unaowaamini kwenye hela. Kuwapata hao ndiyo kazi kubwa kuliko fomu.

Baba Watatu:
Mimi naona asiache kuomba kazi. Mke wangu alikuwa anauza maandazi miaka miwili huku anatuma maombi, na akapata. Achague siku moja kwa wiki ya kutuma, nyingine zote ni za biashara. Na kama mmepanga, zungumza mapema na mwenye nyumba kuhusu moshi. Sisi tuliambiwa tuhame kwa sababu hiyo tu.

Nyota wa Mbagala:
Dada Mama Iliki, nimesoma hesabu yako nikalia, maana ni kweli nilisomea hiyo hesabu na sikuwahi kuikaa chini kwa ajili yangu mwenyewe. Leo nimepeleka 40 tu dukani, 70 nimebeba kwenye hotipoti hadi kijiweni, mume wangu amenishikia chupa ya chai. Hadi saa moja na robo vilikuwa vimebaki sita. Dereva mmoja kaniuliza kama naweza kupika 200 za hitima ya baba yake Jumamosi. Nimeitikia, ameacha 15,000 ya kuanzia.

Sasa naomba mnisaidie hili: kwa vitumbua 200, niloweke kilo ngapi, na uji wote niusage mara moja au mara mbili? Blenda yangu ni ndogo, naogopa ikiungua usiku wa Ijumaa.

Mama Iliki:
Kilo nne, vitakavyozidi peleka kijiweni. Saga kidogokidogo kuanzia saa kumi na mbili jioni, ipumzishe blenda kila baada ya jagi tatu. Hamira weka mwishoni, uji wote ukiwa ndoo moja.