Naomba ushauri: kumshtaki muuza dawa asiye na leseni nchini India

Wakuu, heshima kwenu. Nawaomba hasa wanasheria na mliowahi kuishi India.

Nasoma Pune. Mwenzangu tunayeishi chumba kimoja aliuziwa antibiotiki kwenye duka la vipodozi: vidonge vimekatwa kwa mkasi mpaka tarehe ya kuisha muda haionekani, risiti hakuna. Akavimba midomo, akalazwa. Muuzaji anakiri hana leseni, tena anacheka.

Polisi wamekataa kufungua jalada, na kisheria wana hoja. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba makosa ya Sura ya Nne (utengenezaji na uuzaji wa dawa) ya Sheria ya Dawa na Vipodozi ya 1940 si yao kuyaandikisha. Kifungu cha 32 kinampa nafasi ya kufungua mashtaka mkaguzi wa dawa, lakini pia mtu aliyeathirika na chama cha watumiaji kinachotambuliwa. Kuuza bila leseni ni jela miaka 3 hadi 5 na faini kuanzia rupia laki 1, si mchezo. Mkaguzi tumemwandikia, kimya.

Sasa, mwenzangu akishtaki mwenyewe, atathibitishaje kuwa duka halina leseni? Sheria ya Haki ya Taarifa ya 2005, ya kuomba taarifa kwenye ofisi za serikali, ni ya raia wa India tu, na sisi ni Watanzania.

Pili, kifungu cha 26 cha ile Sheria ya Dawa kinamruhusu mnunuzi kupeleka dawa ikapimwe kwa Mchambuzi wa Serikali kwa kulipia ada. Vidonge vilivyobaki, bila risiti, vitapokelewa kweli?