Nina kipimo cha kona kwa kona tu, eneo la chumba nalipataje?

Kijana wa Pasua
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa hesabu maana haya mambo niliachana nayo form two. Nipo Moshi, Pasua, nataka kumwekea mama marumaru chumbani kwake, chumba ni cha mraba. Jana nimeenda kupima nakuta magunia ya mahindi yamepangwa kuzunguka kuta zote, futi haipiti, ikabidi nivute kona kwa kona juu ya magunia nikapata mita 5.72. Dukani kijana akapiga kwenye simu 5.72 mara 5.72 akasema mita za mraba 32.7, marumaru za 40 kwa 40 zinaingia 205. Hela yenyewe ni ya mama, kauza mahindi, naogopa kumpotezea. Hiyo hesabu iko sawa?

Mwalimu wa Hesabu
Usinunue kwanza mdogo wangu. 32.7 ni eneo la mraba ambao UPANDE wake ni 5.72, ila 5.72 yako ni mshazari, yaani mstari wa kona kwa kona, kwa hiyo eneo ni nusu ya hapo, 16.36. Na upande unaupata kwa kugawa mshazari kwa 1.414, hicho ni kipeuo cha pili cha 2, inakuja 4.04 na kidogo.
Wanafunzi huwa wananiuliza hiyo nusu imetoka wapi. Chukua karatasi ya mraba, kunja kona zote nne zikutane katikati. Unabaki na mraba mdogo, na mshazari wake ni sawasawa na upande wa ile karatasi ya mwanzo, halafu ishike kwa vidole uone, kila sehemu karatasi iko mara mbili. Ndo nusu yenyewe hiyo. Mimi kila nikiikunja mbele ya darasa nafurahi upya.

Fundi Marumaru Arusha
Mwalimu yuko sahihi ila mimi kona moja siiamini kabisa. Mkuu toa hayo magunia, pima pande zote nne NA kona kwa kona ya pili. Chumba kikiwa mraba kweli hizo kona mbili zinalingana, zikipishana jua ukuta umelala, hapa Sakina nimekuta vyumba vya hivyo vingi tu.

Kijana wa Pasua
Nimerudi, leo tumehamisha magunia na wadogo zangu. Pande zote nne ni mita 4.00, nimerudia mara mbili. Kona ya pili ni 5.59. Sasa mwalimu mbona wewe ulipata upande 4.04?

Mwalimu wa Hesabu
Kwa sababu nilikuamini ukisema mraba 😀 mraba wa mita 4 kona zake zote zingekuwa 5.66 kasoro kidogo. Pande sawa na kona hazilingani, hapo una msambamba wenye pande nne sawa (rombasi), yaani mraba uliolala kidogo. Eneo lake zidisha kona kwa kona zote mbili ugawe kwa 2, yaani 5.72 mara 5.59 gawa 2, ni 15.99.

Fundi Marumaru Arusha
Marumaru moja ya 40 kwa 40 ni 0.16, kwa hiyo 100, ongeza 10 za kukata na kuvunjika, basi. Ukuta wako umelala kama sentimita 9 kwa hizo mita 4, usije ukaanza kupanga kwa kufuata ukuta maana mistari yote itaenda upogo na mama ataiona kila akiamka. Piga kamba mbili katikati ya chumba, zipimie 3 kwa 4 kwa 5 (3 kwenye kamba moja, 4 kwenye nyingine, alama hadi alama iwe 5) ili zikutane kwa pembe mraba, pale zinapokutana weka ya kwanza. Zile za kukatwa kimshazari zisukumie upande utakaokaa kitanda.

Kijana wa Pasua
110 badala ya 205, aisee. Asanteni sana, kesho asubuhi naenda dukani na mama mwenyewe.