Jicho refu, jicho fupi: mbona kisukari kimeharibu upande mmoja zaidi?

Bi_Miwani_Majengo
Salaam aleikum. Naomba msaada wa wanaopima macho. Kuna mama wa miaka 58, kisukari aina ya 2, mwaka wa 12 sasa. Miwani yake kulia ni −7.50 (haoni mbali, na mara nyingi hiyo ni dalili ya jicho refu), kushoto −0.50. Picha za retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) zanitatiza. Kulia kuna vivimbe vitatu vidogo vya mishipa, basi. Kushoto damu imetapakaa pande zote nne, na madoa ya mafuta ya manjano yamesogea karibu na makula, ile sehemu ya katikati ya retina inayoona vitu vidogo. Mwili ni mmoja, sukari ni ile ile. Je, urefu wa jicho la kulia ndio uliolikinga? Na kama ndivyo, laweza kukaa miaka miwili bila kupigwa picha?

Kipimo_Kisauni
Wa aleikum salaam, dada. La pili kwanza: lisikae. Macho yote mawili kila mwaka, na kwa hayo uliyoyaona kushoto, mama afike kwa daktari wa retina ndani ya wiki chache.

La kwanza, ndiyo, kinga ipo. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa kama mm 23 hadi 24, na kila milimita ya ziada huleta takriban dioptri 2.5 (ndizo namba za miwani) za kutoona mbali. Tofauti yake ya dioptri 7 ni karibu mm 2.8, tuseme 23.6 kushoto na 26.4 kulia. Utafiti wa macho ya Wamalay wa Singapore, uliochapishwa 2010, uliona kwamba wenye macho marefu walipatwa kwa uchache kuliko wengine na ugonjwa wa retina wa kisukari. Hoja za wataalamu ni hizi: jicho likirefuka, retina hutandazika na kuwa nyembamba, ikahitaji oksijeni kidogo, na damu inayopita humo hupungua. Tena ute unaojaza jicho huyeyuka na kubanduka mapema, kwa hivyo mishipa mipya hukosa pa kutambaa.

Lakini msiishie kwenye urefu. Pande mbili zikipishana hivi, daktari aulizwe pia kuhusu mishipa mikubwa ya shingo. Ukiwa na kizuizi upande mmoja, retina ya upande huo hukosa damu. Ultrasaundi ya shingo yatosha kuanzia.

Mkono_Mwepesi
Kipimo, urefu umeupata kwa kuhesabu kutoka kwenye miwani, na hapo ndipo wengi hupotea. −7.50 yaweza kutokana na konea (kioo cha mbele ya jicho) iliyochongoka, au mtoto wa jicho aliyekaa kwenye kiini cha lenzi. Pimeni konea kwanza. Ikisoma dioptri 43 au 44 pande zote mbili na lenzi ni safi, ndipo museme urefu. Ikisoma 48 kulia, shida iko mbele ya jicho, na hiyo kinga haipo.

Kisha urefu wenyewe. Mashine ya mwanga haigusi jicho, ndiyo bora. Mtoto wa jicho akiwa mzito, mwanga haupiti, mnarudi kwenye ultrasaundi. Ncha yake ikiibonyeza konea, jicho hufupika kwa mm 0.1 hadi 0.3, na wala hutajua. Tumieni kikombe kilichojazwa maji ya chumvi, ncha isiguse jicho. Tone la ganzi, mgonjwa akaze macho mbele, halafu tazama mchoro: kilele cha konea, viwili vya lenzi, kisha cha retina, ambacho lazima kisimame wima kama mlingoti. Kikipanda kwa mteremko, mawimbi yamepita pembeni. Chukua vipimo 10, tupa vilivyojitenga. Macho yakipishana zaidi ya mm 0.3, rudia. Kwake yatapishana tu, lakini rudia.

Kushoto kuna mtego mwingine. Ultrasaundi hugonga uso wa juu wa retina, mashine ya mwanga husoma tabaka la chini. Makula ikivimba, ultrasaundi itasema jicho ni fupi kuliko lilivyo. Kwa hiyo pimeni unene wa makula kwa OCT, mashine ya mwanga inayopiga picha matabaka ya retina. Kwenye Spectralis, aina moja ya OCT, mikroni 305 kwenda juu katikati kwa mwanamke huhesabiwa kuwa uvimbe. Na kulia, ingizeni urefu wa jicho kwenye mashine, la sivyo duara la mm 1 la katikati ya ramani ya unene linatanda eneo kubwa kuliko hilo, na rangi za ramani zitawadanganya.

Bi_Miwani_Majengo
Ahsanteni mno. Jambo moja: wiki mbili zilizopita alianzishwa insulini, na anasema miwani haimfai tena. Nimtengezee nyingine?

Kipimo_Kisauni
Usikate lenzi sasa, dada. Sukari ikishuka ghafla lenzi ya jicho hubadilika, na namba husogea upande wa plasi. Asubiri hadi sukari itulie wiki 4 hadi 6, upime upya. Ila daktari wa macho asisubiri: sukari ikishushwa haraka, retina iliyokwisha kuharibika yaweza kuzidi kuharibika miezi ya mwanzo. Insulini asiache, daktari wa kisukari aambiwe hali ya retina.

Mkono_Mwepesi
Na kabla ya matone ya kutanua mboni, mulika chemba ya mbele, ile nafasi yenye maji nyuma ya konea. Kwake sina shaka, lakini wateja wenye macho mafupi, mm 22 kushuka, huwa na chemba finyu, na mboni ikitanuka njia ya maji ya jicho yaweza kuziba. Jicho likiuma, kichwa kikipasuka, akatapika, akaona taa zina duara la rangi, arudi usiku ule ule. Huyu mama aje na miwani ya jua na mtu wa kumshika mkono kwenye feri, maana ukungu wa matone hukaa saa 4 hadi 6.