Mashini ya 2014 imelegea: ramu, SSD, au nihamie Linux?

Sekretaria_Kasapa
Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, nina sekretaria ndogo kwenye njia ya Kasapa, kazi yangu ni kuchapa na kupanga TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi. Mashini ni laptopu ya 2014: prosesa Core i3 ya kizazi cha nne, ramu (kumbukumbu ya kazi) GB 4, diski ya GB 500 ile ya kuzunguka, Windows 10. Nikiiwasha asubuhi nafagia, napanga viti, naagiza chai, na Word bado haijafunguka. Mteja amesimama nyuma yangu, namsikia anavyohema. Betri ilishakufa, umeme ukikatika inazima papo hapo. Nimeweka kando dola 60. Fundi mmoja anasema niongeze ramu, mwingine anasema niitupe. Mnasemaje?

FundiKenya
(Wa komini ya Kenya, si wa Nairobi, msinianze tena.) Usinunue kitu leo. Mashini ikikwama, bonyeza Ctrl, Shift na Echap (Esc) pamoja, halafu utuambie asilimia za «Processeur» (prosesa), «Mémoire» (ramu) na «Disque» (diski).

Sekretaria_Kasapa
Processeur 12, mémoire 71, disque 100. Na nimefungua Word peke yake.

FundiKenya
Basi mgonjwa umemwona. Ndani ya diski hiyo kuna sahani inayozunguka na kichwa kinachotembea juu yake, kama sindano ya gramafoni ya babu. Ukiiomba faili moja kubwa inakwenda vizuri, MB 100 hivi kwa sekunde. Lakini Windows ikiwaka inaomba vifaili maelfu vilivyotawanyika, kichwa kinakimbia huku na huku, na kasi inaanguka hadi MB moja au mbili. SSD ni diski pia, ila haina kinachozunguka. Hata ile ya SATA, inayoingia palepale diski ya zamani ilipokaa, inafika karibu MB 500 kwa sekunde, na vifaili vidogo haviisumbui.

MamaDakitilo
Mwanangu, msikilize huyo. Mimi nilianza na ramu na nilijuta mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua kijiti sokoni, nikakiweka, mashini ikawa nyeusi kabisa, haionyeshi kitu. Kumbe kwenye karatasi ya kijiti cha zamani pameandikwa PC3L, na changu kipya kilikuwa PC3 bila L. Hiyo L ndiyo kusema kinatumia volti 1.35, na laptopu za kizazi chako hazitaki ile ya volti 1.5. Nikabadilisha, nikafika GB 8. Navigateri ya intaneti ikapumua, hata nikifungua kurasa kumi. Lakini kuwaka asubuhi? Ileile. Hayo ndiyo majuto ya pili.

Mwana_Katuba
Yaya, hakuna aliyetaja kwamba Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025? Na Windows 11 haikubali rasmi kizazi cha nne, inataka kuanzia cha nane. Miye niliweka Linux Mint ya Xfce (mfumo mwepesi unaokaa mahali pa Windows) kwenye mashini ya ramu GB 2, bure, na inakwenda. Tena zile virusi za kle (flashi za USB) za wanafunzi, zinazogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, kule hazifanyi kitu.

Sekretaria_Kasapa
Kwa virusi umenigusa, kila juma napokea kle tatu za namna hiyo. Ila TFC inakuja na Word na inarudi na Word. Nikifungua kwa LibreOffice, ile inayoshika nafasi ya Word kwenye Linux, jedwali linashuka ukurasa, orodha ya yaliyomo inahama, na mwanafunzi anakwenda kutetea kazi kesho. Nani atamjibu profesa?

Mwana_Katuba
Hapo umeshinda. Kwa mtu wa intaneti na filamu ningebisha mpaka asubuhi.

Kipushi_Pembeni
Mimi swali langu ni moja: inalegea tangu kuwashwa, au baada ya dakika ishirini? Yangu ilikuwa inaanza vizuri, halafu feni inalia na kila kitu kinakuwa kizito. Nikafungua chini. Vumbi letu jekundu la kiangazi lilikuwa limejishona mbele ya feni kama kipande cha blanketi, nililitoa zima kwa vidole viwili. Prosesa ikipata joto kali inajipunguzia mwendo yenyewe. Brashi ya rangi na pasta mpya ya joto, basi.

Sekretaria_Kasapa
Tangu kuwashwa. Lakini nitasafisha pia, mlango wangu unatazama barabara.

FundiKenya
Safisha, utakuwa umeifungua tayari. Kabla ya yote, weka programu ya CrystalDiskInfo uitazame afya ya diski. Mashini inayozimwa ghafla kila siku, diski yake hupata madoa, sehemu zisizosomeka. Ukiona rangi ya njano, yaani onyo, usiikopi nzima: toa TFC kwanza, weka kwenye kle mbili, halafu panga Windows upya kwenye SSD. Na SSD ya TB 2 kwa dola 20 ikimbie, ni kikadi kidogo kilichodanganywa ukubwa. Chukua ya GB 240, upime ukubwa wake kwa programu ya H2testw mbele ya muuzaji kabla hujaweka kitu ndani. Akikataa, umepata jibu.

Sekretaria_Kasapa
Narudi baada ya siku tisa. Ilikuwa njano. TFC zilitoka zote isipokuwa mbili, na hizo mbili wenyewe walikuwa nazo kwenye simu, Mungu ni mwema. SSD dola 32, mkono wa fundi 10. Windows ni ileile 10 kwa sasa, benki nafanyia kwenye simu. Leo nimebonyeza kitufe, nikageuka kuchukua fagio, nikarudi, ikawa inaomba neno la siri. Mteja hakuamini ni mashini ileile. Zimebaki dola 18. Ramu sasa?

MamaDakitilo
Jana umeme ulikatika mara ngapi?

Sekretaria_Kasapa
Mara nne.

MamaDakitilo
Haya.

Sekretaria_Kasapa
Sawa mama, natafuta betri.